Nyuki Wetu Ughaibuni

Mheshimiwa mwenyekiti, mabwana nyuki, akina mama wa vikundi vya ufugaji, warina asali mliotoka porini, na ninyi askari wa zimamoto mliokubali kukaa nasi leo, salamu kwenu nyote.

Tumeombwa tuzungumzie nyuki ambao kule Amerika huitwa "nyuki wauaji". Kwa hadhira hii ni mada ya kuchekesha kidogo, maana nyuki huyo mnaye mizingani mwenu. Ni huyuhuyu anayewafukuza mnaporina kabla jua halijazama. Ila namna alivyotoka kwetu akalishika bara zima kwa muda usiozidi nusu karne inafaa kujulikana kwa undani, kwa sababu wengi wanaamini aliwashinda wenzake kwa ukali. Sivyo. Aliwashinda kwa hesabu ya siku, na aliyekosea hapo amekosea pia dawa.

Mwaka 1956 Warwick Kerr, mtaalamu wa jenetiki wa Brazili, alitafuta malkia wa Kiafrika. Nyuki waliofugwa kwao walikuwa wa Ulaya, walioletwa na wahamiaji, na kwenye joto la tropiki walitoa asali kidogo. Kerr alipata malkia kutoka Afrika Kusini, upande wa Pretoria, na wengine kutoka Tabora, Tanganyika. Wengi walikufa kabla hawajashika mizinga, na walionusurika walikuwa zaidi wa Afrika Kusini, kwa hiyo watu wa Tabora wasibebeshwe lawama yote. Jamii hata hivyo ni moja, ile inayoitwa kitaalamu Apis mellifera scutellata, nyuki wa nyika na miombo. Nyuki wa pwani, litorea, na yule mweusi wa milimani, monticola, hawakuhusika na safari hiyo.

Mizinga ya Kerr iliwekwa katika msitu wa mikaratusi karibu na Rio Claro, jimbo la São Paulo. Kwenye milango yake palifungwa vizuizi vya malkia, yaani wavu ambao kibarua, nyuki jike mfanyakazi, anapenya lakini malkia, kwa unene wa kifua chake, hapenyi. Kundi likitaka kuhama linatoka, linamkosa malkia, linarudi. Mwaka 1957 vizuizi hivyo viliondolewa, na mabumba 26, yaani makundi yanayohama, yakaondoka na malkia wao. Ndiyo mbegu.

Tangu hapo mstari wa mbele ulisonga kwa kasi iliyofika kilomita 300 hadi 500 kwa mwaka katika nyanda zenye joto. Mwaka 1982 walikuwa Panama. Mwaka 1986 waliingia kusini mwa Meksiko. Oktoba 1990 bumba la kwanza lililojisafirisha lenyewe lilinaswa Hidalgo, Texas, katika mitego iliyopangwa kuwasubiri. Arizona walifika 1993, California 1994, na mwaka huohuo 1994 wakaonekana Puerto Rico, ambako hakuna nyuki anayeweza kuruka kutoka bara. Waliletwa na vyombo. Wakumbukeni hao wa Puerto Rico, tutawarudia.

Sasa hesabu yenyewe.

Malkia wa Ulaya huchukua siku 16 tangu yai hadi kutoka chumbani. Wa kwetu hutangulia kwa karibu siku moja. Siku moja inaonekana kitu kidogo, lakini mnajua malkia bikira wa kwanza kutoka hufanya nini: huzunguka masegani, huwachoma mwiba dada zake wangali ndani ya vyumba vyao. Mzinga ambao malkia wake wa Ulaya alipandwa na madume mchanganyiko hulea mabinti wa baba tofauti. Binti wa baba Mwafrika akitoka asubuhi na dada yake wa baba Mzungu akitarajiwa kesho yake, hakuna kesho. Kizazi kimoja hivyo, cha pili hivyo, na mfugaji anaona tu kwamba mizinga yake "imebadilika".

Vibarua nao hutoka siku ya 19 au 20 badala ya 21. Mzinga unajaa haraka, na ukijaa unagawanyika. Kundi la Ulaya huhifadhi asali kwa ajili ya baridi na kwa kawaida hugawanyika msimu mmoja kwa mwaka. La kwetu halijui baridi. Maua yakitoka, asali na chavua hugeuzwa majana, yaani watoto wa nyuki, majana hugeuka mabumba, na mwaka wenye mvua nzuri kundi hugawanyika mara kadhaa. Pamoja na kugawanyika kuna kuhama kabisa: njaa, ukame, moto, siafu au mfugaji anayefungua mzinga kila Jumamosi bila sababu vinatosha kundi zima liondoke na kuacha masega matupu.

Mahali pa kukaa nako hawachagui sana. Nyuki wa Ulaya hupendelea tundu lenye ujazo wa lita 40 hivi. Wa kwetu anaridhika na nusu yake, ndiyo maana Arizona na Texas wanakutwa katika visanduku vya mita za maji vilivyofukiwa ardhini, matairi mabovu, mabomba, nafasi chini ya paa, hata ndoo iliyopinduliwa. Mitego ya kule ilitengenezwa kwa kipimo hichohicho, vyungu vya karatasi nzito vya lita 30 hivi vyenye kichupa cha harufu ya mchaichai, inayofanana na harufu ambayo vibarua hutoa kuitana. Hapa kwetu wenye kupaka nta na kusugua majani ya mchaichai kwenye mzinga mpya wanafanya kazi ileile bila maabara.

Halafu madume. Malkia hupandwa angani na madume kati ya 10 na 20, na hapo hakuna mfugaji anayeweza kusimama mlangoni. Makundi ya Kiafrika hulea madume wengi zaidi, na madume hao hawana uaminifu wa mzinga: wanaingia kwenye mizinga ya Ulaya, wanapokelewa, wanalishwa asali ya mwenyeji, na mwenyeji akiwa na madume wa kutosha ndani hupunguza kulea wa kwake. Kwa hiyo mfugaji wa Texas alikuwa analisha wakwe asiowataka.

La mwisho ni la kijambazi. Bumba dogo la Kiafrika hutua nje ya mzinga dhaifu, hasa usio na malkia au wenye malkia mzee, hukaa hapo saa kadhaa au siku, vibarua wake wanaingia kidogokidogo, malkia mwenyeji anauawa, na malkia mgeni anaingia. Asubuhi mzinga una mwenyewe mpya na mlango uleule.

Wataalamu walipopima jeni zinazorithiwa kwa mama pekee, mwishoni mwa miaka ya 1980, walikuta makundi ya porini ya Amerika ya tropiki karibu yote yana mama Waafrika. Maana yake hawakuenea kwa madume tu kuchanganya damu. Mabumba yenyewe yalisafiri, mama kwa binti, kutoka São Paulo mpaka Meksiko.

Kilichowasimamisha ni baridi. Kusini, nchini Argentina, wanapungua sana karibu na latitudo 34. Kaskazini wamebaki majimbo ya kusini ya Marekani. Kundi lisiloweka akiba wala kujikusanya vizuri miezi mitatu ya baridi haliioni masika.

Tuje kwenye ukali, maana ndio uliowaleta wengi wenu hapa. Sumu ya nyuki mmoja wa Kiafrika haizidi ya nyuki wa Ulaya. Kwa kweli ni mdogo kwa umbo na anabeba kidogo pungufu. Tofauti ni wangapi wanatoka, haraka kiasi gani, na wanafuata mpaka wapi. Sababu tunazijua sisi kuliko wao. Kundi lililoishi maelfu ya miaka na nyegere, moto wa msituni na binadamu mwenye shoka linabaki hai likitoka mapema na kwa wingi. Mzinga wa Ulaya ukiguswa hutoka makumi, hufuata hatua chache, hutulia. Wa kwetu hutoka mamia, hufuata mita mia kadhaa, na hubaki na hasira saa nyingi, pengine mpaka kesho yake. Mwiba ukishapigwa huachilia harufu ya tahadhari inayofanana na ndizi mbivu, na kila anayeinusa anajua pa kupiga. Usile ndizi manzuki, pale mizinga ilipo. Si ushirikina.

Njia ya kwanza waliyojaribu Amerika ni kuua. Mabumba yalinaswa na kuteketezwa, Meksiko na Marekani zikajaribu kuweka ukanda wa kuzuia kusini mwa Meksiko. Mstari ulipungua kasi hapa na pale, kisha ukapita. Ukiua bumba moja umeacha tundu wazi, na tundu wazi ni mwaliko kwa bumba linalofuata.

Wabrazili walichoka mapema. Miaka ya 1960 wengi waliacha kabisa ufugaji, maana mizinga yao ilikuwa kwenye ua, karibu na mabanda ya kuku, imepangwa bega kwa bega juu ya benchi moja. Waliorudi walibadilisha kazi badala ya kumsubiri nyuki abadilike. Leo Brazili ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa asali duniani, sehemu nzuri ikitoka majimbo makavu ya kaskazini-mashariki kama Piauí, na mfugaji wa huko hahitaji kutia dawa ya varoa, utitiri ulioangamiza mizinga Ulaya na Marekani, kwa sababu nyuki hawa wanauhimili. Varoa ilithibitishwa Kenya mwaka 2009, na makundi yetu yameendelea kuishi nayo bila dawa. Anayewashawishi kuagiza malkia wa Ulaya "wapole" kuja huku anawauzia ugonjwa pamoja na dawa yake.

Manzuki ya Kibrazili ikoje? Iko mita 400 hadi 500 kutoka nyumba, zizi au barabara. Kila mzinga una kigoda chake, kimo cha sentimita 50 hivi, na kati ya mzinga na mzinga kuna mita 2 hadi 3. Hili la kigoda ndilo linalopuuzwa sana. Benchi la pamoja hupeleka mtikisiko: ukibandua mfuniko wa wa kwanza, wa kumi ameshajua. Miguu ya kigoda hupakwa grisi kuzuia siafu. Kuna kichaka au mstari wa miti mbele ya mizinga ili nyuki wapae juu ya kichwa cha mpita njia, na maji hayako mbali, la sivyo watayafuata kisimani kwa jirani.

Bomba la moshi la Kibrazili ni kubwa kuliko la Kizungu, karibu mara mbili. Si pambo. Kosa linalouma watu wengi ni moshi kuisha katikati ya kazi, mzinga ukiwa wazi na mikono imejaa masega. Washeni makumbi au vumbi la mbao, acheni lishike vizuri chini, jazeni, shindilieni kiasi, juu wekeni majani mabichi. Moshi unaofaa ni mweupe na wa baridi. Upulizeni kwenye kiganja, ukiunguza kiganja utaunguza mbawa, na nyuki aliyeungua hatulii. Msitumie mpira, plastiki wala dizeli, asali itanuka na hamtaiuza.

Mnakuwa wawili, mmoja kwenye moshi tu. Pulizo mbili au tatu mlangoni, kisha mnangoja dakika 2 au 3. Hapo ndipo wengi wanashindwa, wanapuliza na kufungua papo hapo. Nyuki wanahitaji muda huo wa kukimbilia asali na kujishibisha. Tumbo likijaa, kuuma kunakuwa kwa shida. Mizinga jirani nayo ipewe pulizo moja. Fungueni, puliza juu ya viunzi, yaani fremu zinazobeba masega, fanya kilichokuleta, funga. Ukichomwa, futa mwiba na upulize moshi palepale pafunike harufu. Suti ifuliwe kwa sabuni kila baada ya kazi, kwa sababu glavu yenye miiba ya wiki iliyopita inawaita kabla hujagusa mfuniko.

Muda wa kazi ni jioni, jua likishuka, ili giza liwafunge kabla hawajasambaa. Mrina wa usiku kwetu anajua kwamba gizani nyuki haruki, anatambaa. Kwa hiyo funga mpira kwenye kifundo cha suruali.

Kule ambako bado wanataka damu ya Ulaya, kazi kubwa ni kubadilisha malkia. Kwanza wanathibitisha. Kipimo cha shambani ni sega ambalo nyuki wamelijenga wenyewe bila karatasi ya nta: pima vyumba 10 vya vibarua kwa mstari mmoja. Vya Ulaya hufika sentimita 5.2 au 5.3, vya Kiafrika 4.9 au pungufu. Cha pili ni ubawa wa mbele, wastani wa karibu milimita 8.7 kwa Waafrika na 9.2 kwa Wazungu, unaopimwa kwenye nyuki waliohifadhiwa katika spiriti ya asilimia 70. Kumtazama kwa macho tu na kusema "huyu ni mkali, basi ni wao" hakutoshi. Mzungu mwenye njaa pia anauma.

Mzinga mkali wenye nyuki 40,000 haumruhusu mtu kumtafuta malkia. Unapunguzwa kwanza. Siku ya jua, saa nne au saa tano asubuhi, mzinga unahamishwa mita 10 au zaidi, na pale pa zamani linawekwa kasha tupu lenye viunzi viwili. Nyuki wa shambani, ambao ni wazee na ndio wachomaji, wanarudi kwenye kasha hilo. Kilichobaki ni nyuki wachanga na malkia. Makasha yanatenganishwa, kila moja na mfuniko wake. Kesho yake ni rahisi kumpata, hasa tukijua kwamba malkia wa Kiafrika hukimbia juu ya sega na hujificha kwenye pembe, hivyo viunzi vya pembeni vitazamwe kwanza.

Akishaondolewa, msiweke mgeni siku hiyo. Ngojeni siku 7. Hapo vibarua watakuwa wameshaanza vyumba vya malkia wa dharura, nanyi mnavivunja vyote. Kwa nini 7? Yai huchukua siku 3 kuanguliwa, na jana la kibarua likipita siku 3 haliwezi tena kulelewa kuwa malkia wa maana. Siku ya 7 hawana tena malighafi. Mkingoja mpaka siku ya 10 mnaweza kumkuta bikira ameshatoka. Kila kiunzi kikung'utwe nyuki wote ndani ya mzinga, kwa sababu chumba kimoja kilichojificha chini ya kishada cha nyuki kinaweza kuangamiza kazi yote. Huyo atatoka na kumuua malkia mliyemnunua.

Malkia mgeni huingia ndani ya kijumba cha wavu, kati ya viunzi vyenye majana. Mlango wa kijumba uliojazwa sukari ubaki umezibwa siku 3 au 4 za kwanza. Nendeni mtazame: vibarua wakiung'ang'ania wavu, wakiuma na hawabanduki kwa kidole, bado hawamtaki. Wakitembea juu yake kwa ulegevu na kumlisha, fungueni sukari, waile wenyewe, mwondoke. Msirudi kabla ya siku 7. Nyuki wa Kiafrika humkataa malkia wa Ulaya mara nyingi zaidi kuliko Wazungu wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo wengi huona afadhali kumwingiza akiwa na kundi lake dogo la viunzi 4 au 5, kasha juu ya kasha, katikati pana karatasi moja ya gazeti iliyotobolewa kwa msumari. Karatasi ikishatafunwa harufu zimeshachanganyika.

Mabadiliko ya tabia huonekana baada ya wiki 6 hadi 8, wale wa zamani wanapokwisha kufa. Malkia atiwe alama ya rangi mgongoni: nyeupe kwa mwaka unaoishia 1 au 6, njano 2 au 7, nyekundu 3 au 8, kijani 4 au 9, buluu 5 au 0. Msimu ujao ukimkuta malkia hana alama, si wako.

Puerto Rico, tulisema tutarudi. Kule nyuki wana asili ya Kiafrika, wanaihimili varoa, na wamekuwa wapole. Kisiwa ni kidogo, watu ni wengi, makundi makali yanatafutwa na kuuawa haraka, na damu mpya ya ukali haiingii kutoka bara. Kwetu funzo lake ni la kazi: malkia wa mzinga mkali kupita wenzake asizalishwe, na madume wake wapunguzwe kwa kukata masega yao kabla hawajatoka. Lakini hilo lifanyike kwa nyuki wa hapohapo. Afrika Kusini mwaka 1990 wafugaji walisafirisha mizinga ya nyuki wa Rasi, capensis, kwenda kaskazini penye scutellata. Kibarua wa capensis anaweza kutaga mayai yanayotoa majike bila kupandwa. Waliingia mizinga ya wenyeji kama wageni, wakataga, wakala, na makundi mengi mno yakafa. Hilo ndilo linaloweza kutokea lori likihamisha mizinga bila kuuliza.

Ndugu wa zimamoto, zamu yenu. Mtu akivamiwa, akimbie moja kwa moja bila kusimama, fulana imefunika uso, macho na pua kwanza, aingie nyumba au gari na kufunga. Wachache wataingia naye, na afadhali hao. Asipunge mikono, asijitupe majini, wanamsubiri juu. Ninyi mkiukabili mzinga, tumieni maji yenye povu la kuzimia moto au sabuni kwa asilimia 1 hadi 3, bomba likiwa limefunguliwa kwa mnyunyizo mpana. Sabuni huvunja utando wa maji, yanamwingia nyuki kwenye matundu ya kupumulia, anaanguka palepale. Asiye na gari la maji achanganye kikombe cha sabuni ya maji katika lita 4 kwa bumba lililoning'inia. Maji matupu yanawachokoza tu.

Mwiba una vimeno, unabaki mwilini na kifuko kinaendelea kusukuma sumu. Nyingi inaingia ndani ya nusu dakika. Ung'oe kwa namna yoyote iliyo ya haraka: kucha, kisu butu, vidole. Kubishana kama ni vibaya kuubana ni kupoteza hizo sekunde. Miiba karibu 1,000 na zaidi yaweza kumuua mtu mzima asiye na mzio. Mtoto wa kilo 20 anaweza kufa kwa chini ya 400. Mwenye mzio mmoja unamtosha, na anahitaji adrenalini kwenye msuli wa paja hapohapo, si dawa za kupunguza muwasho. Aliyechomwa zaidi ya 50 apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa, kwa sababu misuli na figo huharibika polepole na mkojo mweusi huonekana saa nyingi baadaye.

Na kundi likishauawa ukutani, kazi haijaisha. Masega yote yatolewe siku hiyohiyo. Yakiachwa, nta inalainika kwa joto, asali inachuruzika kwenye dari, sisimizi na panya wanakuja, na harufu ya nta inalivuta bumba jingine ndani ya msimu huohuo. Jazeni tundu, kisha zibeni kila ufa unaozidi milimita 3 kwa saruji au wavu mdogo. Uwazi wa milimita 4 ni mlango kwa kibarua.

Asanteni. Wenye sega walilokuja nalo, njooni na rula.